Usimsifu Binti kwa Kunyamaza

Mtaani anajulikana kwa sifa. Anaamka kabla ya wenzake, anachota maji, anawaogesha wadogo zake, anamwamkia kila mkubwa anayepita, na darasani hakosi nafasi za juu. Majirani husema ana akili ya kiutu uzima, na mama yake hupewa hongera kwa malezi. Ni nadra mtu kuuliza mtoto wa miaka 13 alijifunzia wapi kusikiliza geti linavyofungwa usiku ili ajue baba karudi na hali gani.

Ukatili wa nyumbani hufichwa na watu wengi kwa pamoja, na kila mmoja ana sababu yake. Mama anahofia kukosa pa kulala yeye na wanawe. Bibi anahofia jina la ukoo. Baba mdogo analipiwa kodi ya nyumba na huyo huyo mtesaji. Mtoto naye ameambiwa kwamba akisema, mama atakufa kwa presha, au baba atafungwa na wadogo zake watalala njaa. Wakubwa wanasema funika kombe mwanaharamu apite, kisha wanamkabidhi mtoto kazi ya kulifunika, usiku na mchana, miaka na miaka.

Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yakatolewa 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10 wenye umri wa miaka 13 hadi 24 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa takriban 1 kati ya 7. Karibu nusu ya wasichana hao hawakuwa wamemwambia mtu yeyote.

Basi tunaposema binti fulani ana moyo wa chuma, tuwe waangalifu. Kunyamaza kumemsaidia kufika leo, na hilo ni la kuheshimiwa, lakini kunyamaza hakumponyi. Kinachomwinua mtoto wa namna hii kimechunguzwa kwa muda mrefu. Mwanasaikolojia Emmy Werner na mwenzake Ruth Smith walifuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu uchanga hadi utu uzima. Miongoni mwa waliokulia katika shida kubwa, yaani umaskini, ugomvi, ulevi au maradhi ya akili ya wazazi, karibu theluthi moja walikua wakawa watu wazima wenye uwezo, wanaojiamini na kuwajali wengine. Walichokuwa nacho mara nyingi ni uhusiano wa karibu na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali bila masharti. Hakulazimika kuwa mzazi. Wengine walimpata kwa bibi, wengine kwa shangazi, jirani au mwalimu.

Huenda mtu huyo ni wewe unayesoma.

Unachoweza kukiona

Alama za mwilini watu wengi wanazijua: michubuko isiyo na maelezo, maumivu wakati wa kukojoa, mimba. Zinazopita bila kuonekana ni za tabia. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena. Anachelewa kuondoka shuleni kila siku, anatafuta kazi yoyote ya kufanya ili asirudi nyumbani. Anakataa kubaki peke yake na mtu fulani, hata mkimwita mkorofi. Ana simu au fedha asizoweza kueleza zilikotoka. Wapo pia wanaogeuka wakali na watoro, na hao ndio tunaowachapa kabla ya kuwauliza. Na yupo yule wa kwanza tuliyemtaja, mtulivu na mchapakazi, aliyegeuka mama wa wadogo zake. Alama moja haithibitishi kitu, lakini zikikusanyika, mkaribie.

Usimkaribie kwa mahojiano. Mpe nafasi mkiwa mnafanya kazi nyingine, mnachambua mchele au mnatembea kutoka kisimani. Watoto wengi hujaribu kwanza kwa kuuliza: "Shangazi, nikikuambia kitu hutamwambia mtu?" Jibu jema ni gumu kidogo: "Mwanangu, siwezi kukuahidi hivyo. Kama kuna mtu anakuumiza, nitamwambia anayeweza kutusaidia, na wewe nitakuambia kabla sijamwambia." Ukiahidi siri utakuwa umejiunga na walinzi wa kombe.

Akishasema, mambo matatu yanatosha kwa siku hiyo: unamwamini, kosa si lake, amefanya vizuri kukuambia. Usimuulize kwa nini hakusema mapema. Usimtajie majina ukimtaka akubali au akatae, na usimrudishe kusimulia mbele ya kila ndugu anayefika. Baadaye, ukiwa peke yako, andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe. Wala usikimbilie kumkabili mtuhumiwa. Mtoto akiwa bado analala nyumba hiyo, hasira yako atailipia yeye.

Pa kwenda

Tanzania kuna Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116. Ni bure, na anaweza kupiga mtoto mwenyewe, jirani au mwalimu. Kenya na Uganda nako namba ya watoto ni hiyo hiyo 116, na Kenya wana pia 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Ana kwa ana, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja, na mtoto hahangaishwi kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Kama amebakwa au kulawitiwa hivi karibuni, saa zina maana. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zile wengi wanazoziita PEP, huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Dawa za dharura za kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5, nazo huwa na nguvu zaidi zikitumiwa mapema. Asioge kabla ya kuonwa na daktari, hata kama anatamani sana. Nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe ndani ya kanga safi, kwa sababu mfuko wa plastiki huzihifadhia unyevu na kuharibu ushahidi. Polisi hutoa fomu namba 3, yaani PF3, ambayo daktari huijaza. Aliyeumia vibaya apelekwe hospitali moja kwa moja, karatasi zifuate.

Ukifika ukaambiwa "hayo mkayamalize nyumbani", usigeuze njia. Omba kumwona mkuu wa kituo, nenda ustawi wa jamii, au piga 116 ukiwa hapo hapo mlangoni. Vikao vya kumaliza kinyumbani ndivyo adui mkubwa wa watoto hawa kuliko hata uchache wa ofisi. Wazee wanakaa, faini inatajwa, pengine mbuzi anachinjwa, na binti anarudi kulala nyumba ile ile.

Sheria haiko upande wa vikao hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuzifikisha kwa serikali ya mtaa au kijiji chake. Si hisani, ni wajibu. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011. Kwa Tanzania Bara, mwanamume anayemwingilia binti yake, mjukuu wake au dada yake aliye chini ya miaka 18 anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30. Kusema "alikubali" si utetezi, kwa kuwa mtoto hana ridhaa ya kutoa. Wengi hukata tamaa wakidhani bila shahidi wa macho hakuna kesi. Katika makosa ya kujamiiana, mahakama inaweza kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli. Tena kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Familia haina mamlaka ya kuifuta kwa kupatana. Mkihitaji mwanasheria, mashirika kama TAWLA na WLAC hutoa msaada wa kisheria bila malipo.

Anaposema "nilidanganya"

Hapa ndipo kesi nyingi huvunjikia, na ndipo watu wema humwacha mtoto. Wiki zinapita. Mshtakiwa yuko rumande, aliyekuwa akileta unga hayupo, bibi analia kila jioni, shangazi wa upande wa baba amekuja kutoka mbali "kuzungumza na mtoto". Asubuhi moja binti anatamka kwamba alisingizia. Ukoo unapumua, na jirani aliyetoa taarifa anaonekana mchochezi.

Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Roland Summit, aliieleza njia hii mwaka 1983: mtoto hufungwa na siri, hujiona hana uwezo, huzoea ili aishi, husema kwa kuchelewa na kwa kusitasita, kisha huyakana aliyoyasema. Kukana peke yake hakuonyeshi kwamba alidanganya, kama ambavyo hakuthibitishi kwamba alisema kweli. Kabla ya kuhitimisha, chunguza mambo ya kawaida kabisa. Nani amezungumza naye tangu siku ile? Analala wapi? Nyumbani kuna chakula? Mara nyingi debe la unga na kodi ya mwezi mmoja humsaidia mtoto kusimama na ukweli wake kuliko hotuba yoyote. Mama naye asisahauliwe. Wapo waliojua wakanyamaza, na hilo lina uzito wake kisheria, lakini wengi wao wanapigwa vilevile. Mama akipata pa kukaa na kipato, mara nyingi mtoto amempata shahidi.

Kama binti huyo ni wewe

Si kazi yako kuilinda familia, na si wewe unayeivunja. Anayeivunja ni anayekuumiza. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini. Asipokuamini, mwambie mwingine, kisha mwingine. Unaweza kupiga 116 kwa simu ya kuazima isiyo na salio. Ukishindwa kutamka, andika kwenye karatasi ya daftari umpe mwalimu. Unaruhusiwa kumpenda baba yako na papo hapo kutaka aache. Hisia zote mbili ni za kweli, hazikufanyi mwongo.

Baada ya hapo

Mwandishi Maya Angelou, akiwa mtoto wa miaka 7 hivi, alibakwa na mwanamume aliyeishi na mama yake. Alimwambia kaka yake, mtu yule akahukumiwa, kisha akauawa. Mtoto akaamini kwamba sauti yake imeua, akaacha kuzungumza kwa karibu miaka 5. Bi Bertha Flowers, mwanamke wa mji wao mdogo wa Stamps, Arkansas, alimkaribisha, akampa vitabu na kumtaka avisome kwa sauti. Hakumhoji. Mengi ya kupona hufanana na hayo: chakula kwa wakati, mlango unaofungika, daftari, rafiki wa kucheza naye. Penye mshauri nasaha au kliniki ya afya ya akili, apelekwe, hasa akianza kujikata, kutolala au kusema hataki kuishi. Dalili hiyo ya mwisho haingoji wiki ijayo.

Shule irudi haraka. Tangu Novemba 2021 Serikali ya Tanzania inaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya mimba kurejea darasani, hivyo aliyezalishwa na mtesaji wake asiambiwe safari yake imeishia hapo. Wala asiozeshwe kuficha aibu.

Limebaki jambo la msamaha, ambalo ndugu huliharakisha mno. Binti hudaiwa amsalimie mtu yule msibani, ampelekee sahani siku ya Idi au Krismasi, ili watu waone yameisha. Hadaiwi. Akiomba kula sikukuu kwa shangazi yake, apelekwe kwa shangazi yake.