Hasira Inayorudi Nyumbani



Baada ya semina ya ndoa hapa Lodwar, mama mmoja kutoka pande za Kakuma alibaki nyuma akaniuliza: "Mwalimu, mume wangu akiwa malishoni ni mpole. Akifika nyumbani, hata kikombe kikianguka anashika fimbo. Je, ni pepo?"

Nilimwuliza kama mumewe amewahi kupigana na wezi wa mifugo. Akaitikia: mara nyingi.

Mwaka 2021 watafiti Matthew Zefferman na Sarah Mathew walitoa matokeo ya mahojiano na wapiganaji 218 wa Kiturkana. Asilimia 28 walikuwa na dalili za jeraha la moyo liletwalo na vita: ndoto za kutisha, kushtuka ovyo, kukaa macho kama adui yuko karibu. Watafiti hao waliona kwamba kushtuka huko huenda ni kinga ya mwili mbele ya hatari.

Mwilini huwa hivi. Sehemu ndogo ya ubongo ikihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo hudunda, misuli hukaza. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima na kuzuia, huachwa nyuma. Porini jambo hili huokoa maisha. Nyumbani, kikombe huwa adui. Nayo pombe huilegeza sehemu hiyo hiyo ya kuzuia (chang'aa mnaijua, sisemi zaidi).

Basi si pepo. Lakini akina baba, msishangilie! Nilimwuliza mama huyo: "Chifu akimuudhi, humpiga?" Akacheka kidogo. "Hathubutu."

Kumbe breki anazo.

Nilimshauri azungumze na mumewe akiwa ametulia, wala si siku ya ugomvi. Wapatane kwamba moyo ukianza kudunda, baba atoke nje, atembee mpaka upoe, ndipo arudi waongee. Asione aibu kwenda hospitali kueleza ndoto zake.

"Na akiinua fimbo?"

Chukua watoto, uende kwa wazazi au jirani. Huko si kuivunja ndoa. Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa 2016, alikubali kwamba pengine kutengana ni lazima ili kumkinga mwenzi mnyonge au watoto. Tena sheria ya Kenya ya 2015 dhidi ya ukatili wa nyumbani inampa mke, na hata mume, haki ya kuomba amri ya ulinzi mahakamani.

Aliniomba nimwandikie hayo kwenye karatasi. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la leso.