Dondoo muhimu: Gemu inapokwamakwama kwenye kompyuta ya zamani

Usikimbilie kununua kadi mpya ya michoro. Anza na haya.

1. Pima joto kwanza. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi isiungue, ndiyo maana gemu huanza vizuri, kisha baada ya dakika 15 huanza kukwama.
2. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha puliza vumbi kwenye feni na mapezi ya kupozea. Zuia feni kwa kidole unapopuliza. Blowa huizungusha kupita kiasi na kuiharibu.
3. Pesti ya joto juu ya prosesa ikiwa imekauka, ifute yote na uweke mpya. Tone kama punje ya njegere latosha.
4. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl+Shift+Esc gemu ikiendelea, uone programu gani inakula memori. Mara nyingi ni kivinjari ulichosahau kukifunga.
5. Hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi ya michoro, si kwenye ubao mama. Kosa hili hutokea sana baada ya kuhamisha kompyuta.
6. Laptopu? Cheza ikiwa kwenye chaja.
7. Punguza vivuli kabla ya kugusa ubora mwingine wa picha. Vivuli hula nguvu nyingi, na ukiwa katikati ya mchezo huoni tofauti kubwa.
8. Usipakue programu zinazodai kuongeza kasi. Nyingi huongeza mzigo tu, na baadhi hubeba virusi.