Malkia wa Chungu Akidhoofu, Mpe Utulivu Kwanza

Swali: Dada, nafuga chungu chumbani kwangu hapa Morogoro, wale wakubwa wanaotoka usiku kufuata sukari jikoni. Malkia wao nilimwokota mvua za vuli zilipoanza, na sasa ana wafanyakazi wanane. Wiki hii amepoa. Mayai yanapotea, naye amejibanza pembeni wala hatembei. Rafiki yangu anasema nimtilie chungu wengine kutoka uani wamsaidie kazi. Nifanyeje?

Pole, mdogo wangu. Nianze na hilo la rafiki yako: usithubutu. Kila kundi la chungu lina harufu yake, na kwa harufu hiyo ndivyo wanavyojuana nani ni wa nyumbani na nani mgeni. Ukiwatia wa uani watamwona malkia wako ni adui, na kwa hali aliyonayo hawezi kupigana. Atauawa mbele ya macho yako.

Sasa tumwangalie mgonjwa. Chukua tochi, ifunike kwa karatasi laini nyekundu ya kung'aa, kwa sababu chungu wengi hawaoni vizuri mwanga mwekundu. Tazama vipapasio vyake: vinacheza? Tazama miguu: imeshika kioo sawasawa? Kama vipapasio vinacheza na miguu imeshika, matumaini yapo. Kama miguu imejikunja chini ya tumbo na anaanguka ubavu, hali ni mbaya, ingawa hata hapo usikimbilie kumtupa.

Kumbuka alikotoka. Malkia wa aina hii akishapandwa angani hujikata mbawa mwenyewe na kujifungia peke yake. Wiki kadhaa hali kitu. Mwili wake huyeyusha misuli ya mbawa na mafuta aliyoweka akiba, na hicho ndicho anachowalisha wanawe wa kwanza. Kwa hiyo wafanyakazi wanapotoka, mama yao amekwisha nguvu. Mchukulie kama mzazi aliye ndani ya arobaini yake: anataka joto, chakula, na watu wasiingie ingie.

Mayai kupotea nako kuna maana. Malkia akiona njaa au akisumbuliwa huyala mayai yake, akarudisha mwilini alichokitoa. Si ukatili huo, ni kujiokoa. Wewe tafuta kinachomsumbua, na ukague kwa utaratibu.

Anza na maji. Kama anakaa kwenye neli ya kioo yenye maji yaliyozuiwa kwa pamba, angalia nyuma ya pamba hiyo: maji yamebaki? Yakiisha, au pamba ikioza, usiwamwage wala kuwashika. Chukua neli mpya yenye maji na pamba safi, ikutanishe mdomo kwa mdomo na ile ya zamani, funga kwa utepe. Ifunike mpya kwa kitambaa cheusi, ya zamani iache kwenye mwanga. Watahama wenyewe, wakibeba mabuu mdomoni.

Halafu sumu. Hapa ndipo majumbani kwetu wengi wanapokufa. Ile dawa ya mbu ya kupuliza jioni, na ile ya kuchoma inayotoa moshi usiku kucha, haichagui mdudu. Kama unaitumia chumbani, wahamishie chumba kingine leo hii, nawe lala ndani ya chandarua. Wala usiwape mende uliyemkuta amekufa, hujui alikula nini.

Joto nalo uliangalie. Nyuzi 24 hadi 28 zinawatosha sana. Neli ikiachwa dirishani, jua la saa sita linawapika humo ndani.

Chakula wape wafanyakazi, wao ndio watakaomlisha mama yao mdomo kwa mdomo. Tone la asali iliyochanganywa na maji, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, lakini lisimwagike wakanasa. Siku nyingine paja la panzi au kumbikumbi mmoja, uliyemtia kwanza kwenye maji ya moto ili kuua utitiri, kisha akapoa. Kesho yake ondoa mabaki kabla hayajaota ukungu.

Ukishafanya hayo, funika uondoke. Narudia kwa wadogo zangu wote wanaofuga: kufunua kila saa, kutikisa na kumulika kunaweza kuwamaliza malkia wachanga. Mbali na kulisha na kuondoa mabaki, mchungulie mara moja tu kwa wiki. Kutoka yai hadi mfanyakazi ni kama mwezi mmoja na nusu hadi miwili, hivyo usitegemee mabadiliko ya keshokutwa.

Tena usidhani amezeeka. Malkia mmoja wa Lasius niger, chungu mweusi wa bustani za Ulaya, aliishi zaidi ya miaka 28 akiwa mikononi mwa binadamu. Wako ni mwali bado.

Na Mungu akimchukua? Chungu hawa si nyuki, hawawezi kulea malkia mwingine. Wafanyakazi wakitaga, mayai yao hutoa madume tu. Waendelee kupata maji na chakula hadi siku zao ziishe, maana ulipowachukua uliubeba wajibu wao.

Usiende kununua malkia kwa mtu wala kuchimbua vichuguu. Malkia mmoja akitolewa porini, kundi zima la baadaye limeondoka naye, na mbegu na udongo vinavyohudumiwa na kundi hilo vimekosa mhudumu. Jirani zetu Kenya wameliona hili kwa uzito wake. Mei 2025 mahakama mjini Nairobi iliwahukumu watu wanne faini ya shilingi milioni 1 ya Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa na maelfu ya chungu hai bila kibali, wakiwemo malkia wa aina iitwayo Messor cephalotes. Kabla hujafuga tena, ulizia sheria za wanyamapori zinasemaje unapoishi.

Kwa sasa, mdogo wangu, badilisha maji, ondoa dawa ya mbu, weka tone la asali, funika. Kisha uwe na subira, na uniandikie baada ya mwezi unijulishe anaendeleaje.