Masurufu Kwanza: Somo kwa Msafiri wa Begi la Mgongoni



Ndugu msomaji, likizo ndefu ikikaribia, mazungumzo ya hosteli hubadilika. Mmoja huleta ramani, mwingine huanza kupanga: “Kampala hadi Dar es Salaam kwa basi, kisha boti hadi Unguja. Tutalala misikitini, na chakula Allah atatoa.” Kusafiri ni jambo jema, na kusafiri kwa fedha kidogo si aibu. Lakini kauli ile ya mwisho inahitaji somo.

Mwaka wangu wa pili nilisafiri hivyo na wenzangu wawili. Katika mji mmoja kando ya ziwa, mwangalizi wa msikiti alituchukua nyumbani kwake. Tulikula na kulala vizuri, tukaongeza siku. Asubuhi ya siku ya tano nilimsikia mkewe akimtuma mtoto dukani akakope mchele. Mchele huo ulikuwa wetu sisi. Na mifukoni tulikuwa na fedha: tulizificha kwa ajili ya boti ya Unguja. Safari yetu ilikuwa nafuu kwa sababu mtu maskini kuliko sisi alikuwa akiilipia.

1. Masurufu na tawakkul

Katika Sura al-Baqara, aya ya 197, waumini wanaamrishwa kuchukua masurufu, na kwamba masurufu bora ni uchamungu. Ibn Abbas, katika riwaya iliyomo kwenye Sahihi Bukhari, anaeleza sababu yake: watu wa Yemen walikuwa wakienda kuhiji mikono mitupu, wakijiita watu wa kutawakali, kisha wakifika Makka huwaomba watu. Kwa hiyo kujiandaa hakupingani na tawakkul.

Kabla ya kuondoka, gawa fedha mafungu matatu. La kwanza ni nauli ya kwenda na matumizi ya kila siku. La pili ni nauli ya kurudi. Hili usiliguse hata boti ikikuita. La tatu ni akiba ya ugonjwa. Mafungu hayo yasipotimia, fupisha njia. Kufika Bukoba na kurudi kwa heshima ni bora kuliko kufika Unguja kwa kuombaomba. Ni kweli kwamba msafiri aliyekwama ana fungu katika zaka (Sura at-Tawba, aya ya 60), lakini haki ya aliyepatwa na dharura isifanywe bajeti ya asiyepanga.

2. Njia na hati

Kutoka Kampala utapita Masaka hadi mpaka wa Mutukula, kisha Bukoba, Biharamulo, Kahama, Nzega, Singida na Dodoma. Tangu 2024, treni ya SGR hubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam. Linganisha nauli yake na ya basi kabla ya kukata tiketi. Mutukula ni kituo cha pamoja cha mpaka: taratibu za kutoka na za kuingia hukamilishwa mahali pamoja, upande wa nchi unayoingia. Beba pasi ya kusafiria, na kata tiketi dirishani, si kwa mpiga debe. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, kwani Tanzania iliipiga marufuku 2019.

Chanjo ya homa ya manjano usiisubirishe hadi wiki ya safari: cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kisha hudumu maisha yote. Lala ndani ya chandarua. Ukipata homa njiani au wiki kadhaa baada ya kurudi, pima malaria siku hiyo hiyo. Ubahili katika dawa ndio ughali mkubwa kuliko wote.

3. Swala barabarani

Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, safari ya zaidi ya kilomita 80 hivi inaruhusu kupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili. Unaweza pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, unaswali kamili. Muulize dereva mapema basi litasimama wapi, upange kukusanya mapema au kuchelewesha. Kibla nacho hubadilika: Kampala unaelekea kaskazini ukiegemea kidogo mashariki, na Dar es Salaam ni karibu kaskazini kabisa.

Mkiwa watatu, mchagueni mmoja awe amiri, kama Mtume (s.a.w.) alivyoagiza. Yeye ndiye aweke hesabu ya fedha, na ndiye aseme “leo tunaondoka.”

4. Mpaka wa ugeni

Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka, tena si halali mgeni kukaa hadi amtie mwenyeji wake katika dhiki. Wazee wetu nao wanasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi usisubiri kupewa jembe. Fika na sukari na mchele mkononi, choteni maji, fagieni msikiti. Mwenyeji akisema “kaeni tu,” tazama jiko lake kabla ya kumwitikia.

Sisi siku ile tulilipa deni la dukani kimyakimya, tukaondoka. Unguja hatukufika mwaka ule.

Maswali ya darsa

1. Kuna tofauti gani kati ya kutawakali na kutegemea watu?
2. Taja dalili tatu za mwenyeji aliyeelemewa lakini anaona haya kusema.
3. Andika bajeti ya safari yako kwa mafungu matatu. Lipi halijatimia?

Allah atujaalie safari zenye manufaa, na atukinge tusiwe mzigo kwa waja Wake. Amin.