Somo: Kwa nini seva mbili zilitusumbua kuliko moja



Robo iliyopita tulipokea swali moja kutoka sharika kadhaa, tena kwa haki kabisa: mlituambia seva ya pili imenunuliwa ili ripoti ziende haraka, mbona sasa mambo yamekuwa mabaya zaidi? Mtunza hazina mmoja wa Tunduma, karibu kabisa na mpaka, alinipigia saa tatu usiku.

"Bwana asifiwe, Mratibu. Fomu ya visima nimeijaza mara nne. Nikibonyeza kuhifadhi naambiwa niingie upya, na nilichoandika kimepotea."

"Amina. Pole sana, Mama. Usiijaze tena leo."

Zilibaki siku mbili kabla ya kufunga kupokea ripoti, na usharika usioleta ripoti hauwezi kupelekewa fedha za robo inayofuata. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu sisi wa ofisini.

Hebu tufikirie zahanati yenye makarani wawili, kila mmoja na daftari lake. Mlangoni yupo mlinzi anayegawa wagonjwa: wewe dirisha la kwanza, wewe la pili. Umeandikishwa dirisha la kwanza, ukatoka kupima, ukarudi. Mlinzi akikupeleka dirisha la pili, karani atakuuliza wewe ni nani, kwa sababu jina lako limo kwenye daftari la mwenzake. Mlinzi huyo ndiye programu iitwayo proksi. Daftari ni kumbukumbu ya kila seva kuhusu mtu aliyeingia kwa neno la siri, na muda wote wa mtu huyo kufanya kazi tunauita kikao. Tulipokuwa na seva moja daftari lilikuwa moja. Tulipoongeza ya pili, proksi ikawa inagawa kwa zamu, na kwa seva mbili maana yake ni kwamba takribani nusu ya mibonyezo iliangukia kwa karani asiyekujua.

Fundi wetu alijaribu kwanza njia nyepesi: proksi imtambue mtu kwa anwani ya intaneti anakotokea, na anwani moja iende seva ileile daima. Kwa ofisi yenye laini yake njia hii hufaa. Kwa mkoa wetu haikufaa, na sababu zake ni vema zieleweke.

Anwani za mfumo wa zamani wa intaneti ni takribani bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, hivyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Watunza hazina wetu wa Vwawa, Mlowo na Kamsamba karibu wote hutumia simu. Wakaonekana kama watu wa nyumba moja, wakarundikwa seva moja, na ile mpya ikakaa bure. (Wafadhili watusamehe kwa wiki hizo.) Pale Tunduma hali ilikuwa kinyume. Mji ule na Nakonde ya Zambia ni majirani wa kuvuka barabara tu, na watu wengi wana laini mbili. Mtandao wa huku ukisumbua, mtu anahamia laini ya kule. Anwani inabadilika katikati ya fomu, na proksi inamwona ni mgeni.

Dawa ni kumpa mgonjwa kadi. Kwenye intaneti kadi hiyo huitwa kuki, au kidakuzi: maandishi mafupi ambayo kivinjari hutunza na kuyarudisha kila kinapoomba ukurasa. Aliyeibuni ni Lou Montulli wa kampuni ya Netscape mwaka 1994. Sisi tunatumia HAProxy, programu ya bure iliyoanzishwa na Willy Tarreau wa Ufaransa, na mistari iliyotuponya ni hii:

balance roundrobin
cookie SEVA insert indirect nocache
server seva1 10.0.0.11:80 check cookie s1
server seva2 10.0.0.12:80 check cookie s2

Mstari wa kwanza unagawa wageni kwa zamu. Wa pili unaiagiza proksi itoe kadi yake yenyewe, iiondoe kabla ombi halijafika kwenye seva, na izuie kadi ya mtu mmoja isihifadhiwe njiani ikapewa mwingine. Miwili ya mwisho inaandika s1 au s2 kwenye kadi. Mama wa Tunduma akibadili laini, kadi bado iko kwenye simu yake.

Neno "check" lisisahaulike. Kwa kawaida proksi huikagua seva kila sekunde 2, na ikikosa jibu mara 3 mfululizo huacha kuipelekea watu, hata wenye kadi yake. Lakini hapo daftari lililokuwa ndani ya seva hiyo halimfuati mtu. Ataombwa aingie upya. Kadi haitibu hilo. Tiba yake ni daftari moja la pamoja, yaani kumbukumbu za vikao kuwekwa kwenye hazinadata inayosomwa na seva zote mbili. Kazi hiyo bado hatujaifanya, nasi tumeiombea fedha katika bajeti badala ya seva ya tatu.

Kwa sasa, tunapotaka kuzima seva kwa matengenezo, tunaiweka kwanza katika hali iitwayo "drain": haipokei wageni wapya, ila wenye kadi yake wanaruhusiwa kumalizia fomu zao. Sharika zitatumiwa ujumbe siku moja kabla. Aliye na fomu wazi wakati huo aihifadhi na kutoka, asiiache wazi hadi kesho yake.

Ripoti ya visima ya Tunduma ilifika siku ya mwisho, saa kumi na moja jioni.