Kasi ya Mwisho ya Gari Dogo la Redio

Gari dogo la umeme liongozwalo kwa redio hufikia kasi ya mwisho pale kani ya mota inapolingana na ukinzani. Kasi ikiongezeka mara 2, ukinzani wa hewa huongezeka mara 4, na nguvu inayohitajika mara 8. Kwa hiyo bodi nyembamba, ya chini, hufaa kuliko betri kubwa.

Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu 1 kati ya 5. Injini ya petroli hupungukiwa pumzi huko. Mota ya umeme haipungukiwi. Lakini ikiwa mota imekwisha kufikia mizunguko yake ya mwisho, wepesi huo wa hewa haufai kitu mpaka gia yake iongezwe meno.

Kati ya Njombe na Makambako, iliyo chini zaidi, tofauti ya kasi ni kama asilimia 1 tu: upepo mdogo huifuta. Pimeni kwenda na kurudi.