Zilzala na Nyumba Tuzijengazo

Darasa yetu ya leo ni juu ya zilzala, yaani tetemeko la ardhi. Huenda mtu akauliza: sisi watu wa pwani ya Kenya tuna nini na zilzala? Jawabu ni kuwa Kenya haikusalimika nayo. Subukia, katika Bonde la Ufa, ilipigwa na zilzala ya kipimo cha 6.9 tarehe 6 Januari 1928. Lakini mfano ulio bora wa kutufunza ni wa Agadir.

Agadir ni bandari ya Moroko. Usiku wa tarehe 29 Februari 1960, nao ni mwanzoni mwa Ramadhani, kabla kidogo ya saa sita, ardhi ilitikisika kwa sekunde zipatazo 15. Watu walikuwa wamekwisha futuru, wengi wao wamo majumbani. Walikufa kati ya watu 12,000 na 15,000, kiasi cha thuluthi ya mji mzima. Mitaa ya Kasbah, Founty na Talborjt ilianguka karibu yote.

Katika misiba kama huu hawakosekani wasemao kwamba wafu wameadhibiwa. Ulimi huo ni mwepesi mno. Wengi wa waliokufa walikuwa wafungaji, na miongoni mwao watoto wachanga. Nani aliyepewa daftari lao akalisoma? Linalotupasa ni kuzitazama kuta zilizowaangukia.

Zilzala ile haikuwa kubwa. Kipimo chake kilikuwa kiasi cha 5.8. Mwaka ule ule, tarehe 22 Mei, Chile ilipatwa na zilzala ya 9.5, kubwa kupita zote zilizopata kupimwa; na katika hesabu hii kila daraja moja huzidisha nguvu kiasi cha mara 32. Hata hivyo wafu wa Chile walikuwa wachache kuliko wa Agadir. Ni kweli kwamba zilzala ya Agadir ilitoka karibu chini ya mji wenyewe, wala si kwenye kina kirefu. Lakini pia nyumba nyingi zilikuwa za mawe yaliyoshikwa kwa udongo au chokaa dhaifu, na dari nzito juu yake, wala hapana kitu kilichofunga ukuta huu na ule. Ardhi ikisukuma kwa upande, kila ukuta hushika njia yake, na dari hushuka juu ya waliolala. Hata maghorofa mapya yalianguka, kwani yalipangwa kuchukua uzito utokao juu tu, si msukumo wa ubavuni.

Mji mpya ulijengwa kusini ya ule wa zamani, kwa kanuni zilizotungwa kwa ajili ya zilzala. Msingi wa kanuni za namna hii waeleweka na kila mtu: mshipi wa zege na nondo uzunguke kuta zote, pembe zifungwe kwa chuma, paa liwe jepesi, na ghorofa ya chini isitobolewe milango mipana ya maduka hata ikabaki kusimama juu ya nguzo nyembamba.

Sasa tujitazame. Twaongeza ghorofa juu ya kuta za mawe za babu zetu bila kumwuliza mjuzi. Twachanganya zege kwa mchanga wa baharini, na chumvi yake huila nondo ndani kwa ndani. Nilimwuliza fundi mmoja juu ya mchanga huo, akanijibu, "Lipu itaficha, sheikh."

Tena kuna zilzala za chini ya bahari. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yaliyotoka Sumatra yalivuka bahari yetu yakaua watu wengi Somalia. Huku Kenya watu waliondolewa ufuoni, na aliyekufa ni mmoja. Kisiwa cha Simeulue kilikuwa karibu kabisa na chanzo, wala hakikupata onyo la serikali. Wakati ule kilikuwa na watu wapatao 78,000. Waliokufa ni saba. Wazee wa huko, tangu wimbi la mwaka 1907, walikuwa wakiwafunza watoto wao neno moja, smong: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, acheni samaki walioachwa mchangani, mkimbilie mlimani. Mwalimu wa chuoni aweza kuwafundisha hayo wanafunzi wake kwa robo saa, na kuwaonyesha ni wapi palipoinuka karibu na mtaa wao.